Ununue jina la kampuni au uanzishe biashara yako?

MTU aliyejiwekea akiba akitaka kujitosa katika biashara ana njia mbili: ama aanzishe yake mwenyewe, ama anunue haki ya kutumia jina la kampuni iliyokwisha kujulikana.

Njia ya pili huvutia kwa kuwa wateja wanalijua jina hilo na mafunzo hutolewa. Hata hivyo, mnunuzi hulipa ada ya kuingia, kisha mrabaha. Izingatiwe kwamba mrabaha aghalabu hukatwa kwenye mauzo, wala si kwenye faida. Hivyo hulipwa hata mwezi wa hasara.

Isitoshe, uhuru hupungua. Mnamo Januari 2022, mikahawa ya KFC, iliyoingia Kenya mwaka 2011, iliishiwa na vibanzi baada ya shehena ya viazi kutoka ng'ambo kuchelewa. Wakulima wa humu nchini walikuwa na viazi, lakini havikuwa vimeidhinishwa kwa mujibu wa kanuni za kampuni. Mwenye kibanda chake angalituma mtu sokoni asubuhi hiyo hiyo.

Kwa hivyo, mwenye mtaji asiye na ujuzi huenda akafaidika na jina la wenyewe. Aliye na ujuzi na wateja tayari hana haja ya kulilipia.

Kabla ya kutia sahihi, mpe wakili asome mkataba: utadumu miaka mingapi? Bidhaa zitanunuliwa kwa nani? Na ukijiondoa, utaruhusiwa kufungua biashara kama hiyo?