Vidole vya Zinki na Mikia Isiyo na Umbo

Wanafunzi hufundishwa kwamba kazi ya protini hutegemea umbo lake, kama ufunguo na kufuli. Hiyo ni nusu ya habari. Tuichukue Zif268, protini ya panya iongozayo jeni. Ina asidi amino zaidi ya 500. Lakini umbo lililochorwa kwa eksirei na Pavletich na Pabo, Marekani, mwaka 1991, ni la takriban 90 tu: vidole vitatu, kila kimoja kimekunjamana kuzunguka ayoni ya zinki, nacho husoma jozi tatu za besi za DNA. Sehemu zilizobaki, mbele na nyuma, nyingi hazina umbo la kudumu. Huyumba kama uzi majini, wala fuwele haizipendi. Si takataka, hata hivyo: humo ndimo mlimo uwezo wa kuiamsha jeni, kwa kushikana na protini nyingine.