Maji ya mfereji pia yachemshwe

Anayewasili Nairobi kutoka mashambani kutafuta kazi, mara nyingi makao yake ya kwanza huwa chumba cha mabati huko Kibera, Mathare au Mukuru. Kijijini alichota maji mtoni na hakuyaamini. Hapa huyanunua kwa mtungi wa lita 20, na kwa kuwa yametoka mferejini, huyanywa vivyo hivyo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Paipu nyingi za plastiki katika mitaa hii hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Maji yakikatika, na hukatika mara kwa mara, paipu yenye ufa hufyonza uchafu huo. Yakirudi, mwenye kukinga mtungi wa kwanza hupelekea watoto wake kinyesi cha jirani, hata kama maji yanaonekana safi. Kipindupindu kilizuka jijini mwaka wa 2015, na tena 2017.

Makaa ni ghali, twajua. Asiyeweza kuchemsha atie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtoto akihara, usimnyime maji: koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe, katika lita 1 ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo mkielekea zahanati.