Moteri ya mashua: tusinunue kwa macho

Wandugu wengi wa mugodi, kazi ikiisha, wanapeleka feza yao ya mwisho Kalemie ao Moba na kununua mashua. Tunawaambia: chagueni moteri kwa akili, maisha ya watu iko pale.

Nguvu peke yake haitoshi. Moteri ya nguvu za farasi 40 inakimbiza mashua nyepesi. Ukipakia watu, samaki na magunia ya bunga, inachoka na kumaliza esansi tu. Pima muzigo kwanza.

Ya mapigo 2 ni nyepesi na fundi wengi wanaijua, lakini inataka oili ndani ya esansi, mara nyingi litri 1 kwa litri 50. Ya mapigo 4 inakunywa kidogo, lakini ni nzito na bei iko juu. Uliza pia piesi: bujia na helisi zinapatikana karibu?

Ziwa Tanganika linapita kilometri 600 kwa urefu. Upepo ukiamka na moteri ikizimika, hakuna pa kufunga kamba. Njo maana inafaa kubeba moteri ndogo ya pili.

Sisi wa mugodi tunajua: hatushuke chini bila kupima lampe.