Mkokoteni wa Kubebea Plaiwudi

Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha nne alivunjika kidole gumba cha mguu katika karakana ya useremala. Wengi walimwona akichechemea, lakini si wengi waliojua sababu. Mbao za plaiwudi zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Akavuta ubao wa mbele autazame, na nyingine nne zikamfuata. Niliyeziegemeza ni mimi. Nilikwenda kumwomba radhi, akacheka, akasema si kitu. Hata hivyo sikuridhika, na hapo ndipo shauri la mkokoteni lilipoanza.

Ubao mmoja wa plaiwudi una urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Wenye unene wa milimita 18 huwa na uzito wa kilo 30 hivi, kwa kadiri ya mti uliotumika. Mfuko wa saruji una kilo 50, nasi twamwona mtu mmoja akiutwika begani na kwenda zake. Mbona basi kilo 30 zatushinda? Ni kwa kuwa ubao hauna pa kushikwa. Mikono haifiki kingo zake mbili, na ukitoka nao nje upepo huukamata kama tanga. Aliyefika Ndeeba kununua mbao anajua taabu ya wachukuzi wa kule. Sisi nasi tulikuwa tukibeba wawili wawili kutoka langoni hadi karakana, na shule yetu, kama nyingi za Kampala, iko kilimani.

Mkokoteni wa kwanza tuliutengeneza kwa mbao za 2 kwa 4, mgongo wake ukiwa karibu wima, na magurudumu yote manne ni ya kuzunguka shingo. Tulijiona mafundi kweli. Tukapakia mbao saba, tukasukuma. Kwenye mteremko mdogo wa karakana ukaanza kwenda upande kama kaa, ukagonga kizingiti, na mbao zote saba zikalala chini kwa kishindo. Hakuwapo mtu mbele yake.

Jumamosi yake nilikwenda Katwe, ambako mafundi huchomelea milango, majiko na vigari vya kila namna, nikanunue chuma cha pembe. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, mbao zako zimelala kiasi gani?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kila kitu ila hicho.

Usiku ule nilifanya hesabu. Ubao ukisimama kwa ukingo wake mrefu, kimo chake ni futi 4, na uzito wake uko katikati. Ukilala nyuzi 5 tu kutoka wima, nguvu ya kuuvuta kwa juu hata uanguke mbele ni kama uzito wa kilo 1 na robo. Kidole kimoja chatosha! Ukilala nyuzi 15, yataka kilo 4. Na mbao kumi zikifungwa pamoja ziwe kitu kimoja, yataka kilo 40. Hapo nikaelewa kilichompata mwenzetu. Ili kuokoa nafasi nilikuwa nimezisogeza mbao karibu sana na ukuta, wala sikuzifunga.

Kwa nini basi tusizilaze zaidi? Ni kwa sababu ya mlango. Kwa nyuzi 15, ukingo wa juu hurudi nyuma inchi 12 na kidogo. Ongeza unene wa mbao kumi na mbao za mgongo wenyewe, na mlango wetu una inchi 36 tu.

Mkokoteni wa pili, basi, umelala nyuzi 15. Kitako nacho sharti kiinuliwe mbele, kifanye pembe mraba na mgongo. Kikiwa sawasawa na sakafu, mbao huteleza miguu. Tulikifunika kwa kile chuma cha Katwe, kisilike upesi. Magurudumu mawili hayazunguki shingo, mawili yazunguka. Hivyo wafuata njia unayoutaka.

Kuchagua magurudumu kulileta ubishi. Mbao kumi na mkokoteni wenyewe ni kilo 340, na wenzangu waligawanya kwa nne. Mwalimu wetu wa ufundi akasema tugawanye kwa tatu, maana sakafu haikosi shimo, na gurudumu moja huwa hewani. Tukanunua yenye kubeba kilo 120 kila moja, mapana inchi 6, kwa kuwa madogo hukwama kizingitini. Fedha yote ya chama chetu ikaishia hapo.

Kwa kufungia twatumia kamba. Tulijaribu mpira wa tyubu kama wafanyavyo watu wa bodaboda, lakini huvutika, na mbao zikaanza kuchezacheza.

Jambo lililobaki ni mteremko wa langoni, kwani breki hatujaweza kutengeneza. Kwa sasa tuna kabari mbili za mti mgumu, zimefungwa kwa uzi kwenye mkokoteni zisipotee. Anayetembea kando na kuziweka chini ya magurudumu kila tusimamapo ni yule kijana wa kidato cha nne. Aliomba kazi hiyo mwenyewe, naye siku hizi huja na viatu vya ngozi.