Tiba Kwenye Kiti cha Kinyozi

Maradhi ya shinikizo la damu huwaandama Wamarekani weusi kuliko weupe, na sehemu kubwa ya sababu zake ni ufukara, ubaguzi na kule kutoziamini hospitali, jambo lenye asili yake, kwani huko Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hata 1972, serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba, ili kutazama tu mwenendo wa ugonjwa. Dhuluma kama hiyo haifutwi kwa matangazo.

Ndipo tabibu Ronald Victor na wenziwe walipoyaendea maduka 52 ya vinyozi huko Los Angeles, ambako mteja huketi mara kwa mara mbele ya mtu amwaminiye. Kinyozi alimhimiza, mfamasia akaja papo hapo, akamfunga mkanda mkononi, akampima, akamwandikia dawa kwa idhini ya daktari. Matokeo yalitangazwa 2018: kwa muda wa miezi 6 kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa milimita 27 za zebaki, hali kwa walionasihiwa tu na kinyozi waende kwa daktari kilishuka kwa 9.

Vinyozi wamekwisha kufungua milango; sasa imewapasa wenye kushika hazina ya afya Marekani wawalipe wafamasia hawa.