ZIWA HALINA UA

Shamba lako, ndugu mkulima, lina nambari na mipaka. Ukikata miti yote, hasara ni yako. Ziwa halina ua. Samaki mdogo ninayemwacha leo apate kukua, kesho amekwisha naswa na mwenzangu. Basi kila mtu huharakisha kuvua hata vichanga.

Ndivyo ilivyokuwa katika Ziwa Naivasha. Samaki walipungua mno, na mwaka 2001 Serikali ikafunga uvuvi. Wavuvi walinung'unika, wala si bure: nyavu zilitundikwa, lakini watoto walitaka chakula.

Ulipofunguliwa tena, mashua ziliwekewa kikomo, kila moja na leseni yake, na matundu ya wavu hupimwa. Lakini askari hawezi kulala ziwani kila usiku. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2007 zilianzisha vikundi vya kusimamia ufuo. Mwenye mashua, kibarua wake na mchuuzi wa samaki wote huandikwa, na mashauri huletwa mbele ya mkutano wa wote. Wenye mashua hawawezi kuijaza kamati peke yao. Hapo kibarua aweza kumwuliza tajiri, watu wakisikia, wavu ule wa matundu madogo ulitoka wapi. Kelele huwa nyingi, na pengine siku nzima hupotea.

Basi wewe wa Kinangop, mwanao akitaka kununua mashua, kwanza ashuke ufuoni akaulize kama nafasi ya leseni ipo, ndipo umuuzie ng'ombe.