Mitumbwi Miwili, Wavu Mmoja

Watoto wa Songo, hapa Uvira, sogeeni karibu. Leo tuna swali zito. Swali zito halikimbiwi, tunalikalia kitako.

Ameliuliza msichana wa darasa la tano. Alisikia wakubwa wakibishana redioni juu ya katiba, akanijia mbio. "Mjomba, kwa nini Kinshasa kuna mabunge mawili? Moja halitoshi?"

Hongera, mwanangu. Wakubwa wengi husikia maneno hayo kila siku na hawaulizi. Wewe umeuliza. Basi twende ufukweni tukatafute jibu.

Mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wetu hawaingii ziwani. Ndagala, wale dagaa wetu, hufuata taa. Mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi haiwavuti tena. Basi vyombo vinavutwa mchangani, vinapumzika. Na vikipumzika, vinaongea.

Usiku mmoja wa mwezi, katamarani ilikuwa imelala mchangani. Katamarani mnaijua: mitumbwi miwili ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu mmoja unaoteremshwa katikati. Pembeni yake palikuwa na mtumbwi mmoja mwembamba, mali ya mzee anayevua bado kwa lusenga, ule wavu wa kuchotea wa tangu zamani.

Mtumbwi ukasema: "Dada katamarani, nakuonea huruma. Mbao mara mbili. Misumari mara mbili. Watu wengi wa kulisha. Mimi niko peke yangu. Mwenyewe akisema twende bandarini Kalundu, tumeshafika."

Katamarani ikajibu: "Ni kweli, ndugu yangu. Mimi ni mzito, na nina gharama. Lakini upepo wa kusini ukija, nani hupinduka?"

Mtumbwi ukanyamaza kidogo. Kisha ukauliza: "Na pande zako mbili zikivutana?"

"Tunachelewa," katamarani ikasema. "Tunachelewa kweli. Lakini upande mmoja ukiinama, wa pili unaushikilia."

Haya, sasa turudi Kinshasa.

Bunge la Kongo limeundwa kama katamarani ile. Ndivyo inavyosema katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 100. Upande mmoja ni Bunge la Taifa. Lina viti 500. Jimbo lenye watu wengi linapata viti vingi, jimbo lenye watu wachache linapata vichache. Upande wa pili ni Seneti. Huko watu hawahesabiwi. Kila jimbo linatuma maseneta 4, na Kinshasa peke yake inatuma 8. Majimbo 25 mara 4, ongeza 8. Chukueni daftari, pigeni hesabu. Mmepata 108? Vizuri sana. Hao ndio maseneta wanaochaguliwa.

Kwa hiyo Kivu ya Kusini ina maseneta 4, sawa na jimbo lililojaa watu na sawa na jimbo lenye misitu mingi kuliko vijiji.

"Mjomba, sasa hao wote wanafanya nini?"

Wanatunga sheria. Sheria inasomwa upande huu, inasomwa na upande ule. Wasipokubaliana, wanachagua watu wachache kutoka kila upande wakae watafute maneno ya pamoja. Na wakishindwa hapo pia, Bunge la Taifa ndilo linalokata shauri. Mnaona? Pande mbili hazina uzito mmoja. Ndiyo maana wengine wanasema: kama neno la mwisho liko upande mmoja, upande wa pili wa nini?

"Na jimboni kwetu, kuna mabunge mawili pia?"

Hapana, jimboni liko moja tu. Ndilo linalomchagua gavana, na ndilo linalowachagua wale maseneta 4. Makao yake rasmi ni Bukavu. Bukavu ilipotwaliwa vitani Februari 2025, ofisi za jimbo zilihamia hapa kwetu Uvira. Baadhi yenu mliyaona magari yale makubwa yakipita. Basi bunge moja si jambo geni kwetu.

Sasa sikilizeni hadithi yenyewe, maana Kongo iliwahi kuukata upande mmoja wa chombo chake.

Tulipopata uhuru mwaka 1960, tulianza na mabunge mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 137, Seneti viti 84. Hayakuwa yametimiza miezi mitatu yalipopata mtihani. Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Lumumba. Wawakilishi wakakaa, wakakataa. Maseneta nao wakakaa, nao wakasimama na Lumumba. Pande zote mbili, neno moja!

"Lumumba akabaki?"

Hakubaki, mwanangu. Tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu akatangaza kwamba jeshi linawaweka wanasiasa wote kando. Mlango wa Bunge ukafungwa.

Najua inauma. Iacheni iume kidogo. Wale watu walifanya kazi yao. Wengi wanapokisimulia kisa hiki huzungumza juu ya Lumumba na Mobutu tu, na wanawasahau wawakilishi na maseneta waliothubutu kusema hapana. Mimi sitaki ninyi muwasahau.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akaichukua nchi yote. Mwaka uliofuata akalinyang'anya Bunge kazi ya kutunga sheria, akaishika mwenyewe. Kisha ikaja katiba mpya ya tarehe 24 Juni 1967. Watu waliitwa kuipigia kura mwezi huohuo. Ndani yake Seneti haikuwemo tena. Likabaki bunge moja.

"Basi bunge moja likaanza kazi?"

Ngoja kwanza. Uchaguzi wa bunge hilo haukufanyika hadi Novemba 1970. Miaka mitatu chombo kiko kwenye karatasi tu! Na ulipofanyika, wagombea wote walitoka chama kimoja, MPR, chama cha Mobutu mwenyewe. Nani angemwambia hapana? Waliokaa ndani walipewa nafasi naye.

Lakini msikimbilie kusema bunge moja ni baya. Kuna mahali mambo yalifanyika vingine. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake. Majimbo 49 yana mabunge mawilimawili. Moja tu, Nebraska, nchi ya mahindi na ng'ombe, lina bunge moja. Mzee mmoja, seneta George Norris, alizunguka akiwaeleza watu: mabunge mawili ya jimbo yanagharimu sana, na wakubwa wanajificha katikati, huyu anamtupia lawama yule. Mwaka 1934 wananchi wakapiga kura wakakubali kuibadilisha katiba ya jimbo lao. Bunge jipya lilikaa mara ya kwanza mwaka 1937. Kabla yake kulikuwa na wabunge 133. Wakabaki 43. Na kwenye karatasi ya kura, jina la chama halikuandikwa kabisa. Linaandikwa jina la mtu tu.

Mmeona tofauti? Kule wenye chombo ndio waliokata, baada ya kuelezwa. Hapa kwetu alikata aliyeshika usukani, kisha akachagua abiria.

Na majirani zetu? Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina Bunge moja. Vukeni mto Ruzizi, Burundi ina mawili. Kenya ilifuta Seneti yake mwaka 1966, ikairudisha kwa katiba ya mwaka 2010. Kila nyumba na mpango wake.

Seneti yetu ilirudi mwaka 2003, wakati wa serikali ya mpito, baada ya vita ambavyo wazazi wenu wanavikumbuka hapahapa. Ilikuwa imepita miaka 36 tangu ifutwe. Na ndiyo iliyopewa kazi ya kuandika rasimu ya katiba tuliyo nayo leo. Bunge la Taifa likaipitisha mwaka 2005, wananchi wakaipigia kura Desemba ya mwaka huohuo. Akina mama wa Uvira walipanga foleni kuipigia kura ile. Ulizeni nyumbani, mtaambiwa.

"Mjomba, wewe unataka moja au mawili?"

Unaniuliza moja kwa moja! Nami nakujibu moja kwa moja. Nataka Seneti ibaki. Kongo ina majimbo 26, ukihesabu na Kinshasa yenyewe, na mji huo uko mbali na ziwa hili. Pale penye maseneta 4 kwa kila jimbo, Kivu ya Kusini haimezwi na wingi wa wengine. Lakini haitoshi ibaki tu. Maseneta wanachaguliwa na watu wachache sana, wale wabunge wa jimbo, na kura chache hununuliwa kwa urahisi. Machi 2019 malalamiko ya rushwa yalikuwa makubwa hata Rais akasimamisha kwa muda maseneta wapya wasiingie kazini. Mimi ningependa tuwachague sisi wenyewe, kama tunavyowachagua wabunge.

Mwingine atasema Seneti ni gharama, na fedha hizo zingejenga shule. Hasemi uongo. Msikilizeni naye.

Maneno haya hayajaisha. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema ataunda tume ya kushughulikia katiba mpya. Tangu siku hiyo mabishano hayajatulia. Ndiyo yale mliyoyasikia redioni.

"Rais anaweza kubadilisha tu, akiamka asubuhi?"

Hawezi. Kifungu cha 218 kinataja wanaoweza kuanzisha jambo hilo: Rais, Serikali, kila upande wa Bunge kwa nusu ya watu wake, na wananchi 100,000 wakitia sahihi. Kisha wananchi wote wanapiga kura. Au Bunge la Taifa na Seneti wanakaa pamoja, na watu watatu katika kila watano wanakubali. Na kifungu cha 219 kinakataza katiba kurekebishwa wakati wa hali ya vita, au wakati mabunge mawili hayawezi kukutana kwa uhuru. Sisi wa Uvira tunajua vita ni nini. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao siku ya kura wanaweza kuwa njiani na godoro kichwani.

Jambo moja bado, kisha mwende mkaoge. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa. Kiswahili ni mojawapo. Kwa hiyo mwalimu akisoma katiba kwa Kifaransa na hamkuelewa, nyosheni mkono, mwombeni awasomee kwa Kiswahili. Ni haki yenu.